Inspekta Asiye na Ndugu

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Masele kaenda tena kwenye kibanda cha video Mirongo Jumamosi. Leo kanisimulia picha nzima kipindi cha Jiografia, kwa kunong'ona, macho kwenye ubao kama mtu anayesikiliza. Mimi siruhusiwi kwenda. Baba anasema pale ni pango la wanyang'anyi, na Baba akishataja neno la Biblia hakuna rufaa. Kwa hiyo picha zote nilizowahi kuziona nimeziona kwa mdomo wa Masele.

Ya juzi: jamaa ana misuli, ana bunduki, hashindwi. Adui anamteka mke wake. Jamaa anaweka bunduki chini.

Ya wiki iliyopita: jamaa ana upanga. Adui anamteka dada yake. Upanga chini.

Ya kabla ya hapo: jamaa hana silaha, ana ngumi tu. Adui anamteka mzee aliyemfundisha kupigana. Jamaa anaweka ngumi chini. Sijui ngumi inawekwaje chini, lakini Masele anaapa ndivyo ilivyokuwa.

Nimemwuliza: hivi hawa maadui wote wamesoma shule moja? Kasema niache kuchimba-chimba, picha ni nzuri.

Basi nimeapa. Inspekta Mihayo wangu, wa kwenye daftari la hadithi ninayoiandika, hatatekewa mtu. Hana mke, hana dada, hana mama. Adui yake, Bosi Kamata, ahangaike.

Foleni ya kusoma daftari imefika watu arobaini na moja. Kila mtu kipindi kimoja, ukichelewesha unarudi mwisho wa foleni. Masele ndiye anayegawa na kukusanya. Na ni Masele peke yake anayejua ni mimi ninayeandika. Wengine wanadhani ni Ngosha, kwa sababu Ngosha akiulizwa anatabasamu.

Jumatano, 7 Septemba 1994

Sura ya saba imeanza kuzunguka. Malalamiko.

Wasomaji huandika maoni ukurasa wa mwisho. Nimeyasoma nyuma ya maktaba, kama mwizi. "Huyu Inspekta hana hata mama? Alizaliwa na jiwe?" Mwingine: "Sasa Bosi Kamata anamtisha kwa nini? Kwa mvua?" Mwingine kachora Inspekta kakaa peke yake anakula ugali. Mchoro ni mzuri. Inauma.

Kwenye sura hiyo Bosi Kamata, mfanya magendo ya sangara, anatuma vijana Igogo wakatafute ndugu wa Inspekta wa kuteka. Wanauliza nyumba kwa nyumba siku tatu. Hakuna ndugu. Wanarudi. Mwisho wa sura. Mimi nilidhani ni kichekesho kikubwa. Kumbe ni sura ambayo hakuna kitu kimetokea.

Lakini bado nasimama kwenye hoja yangu. Hizo picha zimetungwa mahali ambapo kila mtu ana simu. Adui anainua mkonga: tunaye mkeo. Hapa angepanga foleni posta, na akifika dirishani aambiwe laini imekatika. Angebaki kutuma salamu kwa jirani. "Mama, ukimwona Inspekta mwambie tunaye dada yake." Jirani angesahau hadi Jumapili.

Na kwetu ungemteka nani? Shangazi Getruda? Angeanza kwa kuwauliza watekaji ni ukoo gani na kama mama zao wanajua walipo. Kabla ya jua kuzama angegundua mmoja wao ni mjukuu wa binamu yake wa Kamachumu. Wangemrudisha wenyewe, na mkungu wa ndizi juu.

Ijumaa, 9 Septemba 1994

Daftari limekamatwa.

Ukaguzi wa mabegi wa ghafla. Mwalimu Mashimba, mwalimu wa nidhamu, alikuwa anatafuta sigara. Kwenye begi la Masele kapata Inspekta Mihayo.

Daftari lilikuwa na jalada la gazeti, juu limeandikwa JIOGRAFIA. Kosa ndilo hilo. Masele hajawahi kujaza kurasa tatu za Jiografia tangu Kidato cha Kwanza. Daftari nono namna ile lilitosha kumtia hatiani kabla halijafunguliwa.

Mwalimu kasoma amesimama. Kafika penye Bosi Kamata. Sasa – Bosi Kamata hukohoa mara tatu kabla ya kumtisha mtu. Halafu husema "Sirudii mara mbili", na baada ya hapo hurudia mara nne. Naapa nilipoandika sikuwa namfikiria mtu yeyote. Labda kidogo.

Mwalimu Mashimba akakohoa mara tatu.

"Nani kaandika huu upuuzi? Sirudii mara mbili. Nani kaandika? Nauliza, nani kaandika?"

Darasa zima vichwa chini, mabega yanatikisika. Yangu hayakutikisika. Yalikuwa yameganda.

Masele akasema ameliokota. Wapi? Chini. Chini wapi? Chini tu, Mwalimu. Hakuna aliyemshuku yeye kuwa mwandishi. Mwandiko wake unafahamika shule nzima, ni kama kuku amepita kwenye wino. Mwalimu kaondoka na daftari kwapani.

Jumatatu, 12 Septemba 1994

Mstarini. Masele kasimamishwa mbele, peke yake, na fyekeo mkononi.

Mwalimu Mashimba katangaza: huyu anamjua mwandishi na hataki kumtaja. Basi atafyeka uwanja kila siku mpaka mwandishi ajitokeze hapa mbele ya wote, kwa mdomo wake mwenyewe. Baba yake ameitwa Ijumaa saa nne. Mwandishi asipokuwa amejitokeza, Masele anasimamishwa masomo hadi Januari.

Mbele ya wote ni watu mia sita. Mimi hata nikiitika "nipo" kwenye mahudhurio naambiwa "sauti".

Wiki iliyopita niliuliza kama maadui wote wamesoma shule moja. Ndiyo hii.

Jumanne, 13 Septemba 1994

Nimempelekea Masele mihogo ya kukaanga wakati wa mapumziko. Alikuwa amefyeka hadi golini.

"Feli, wale mateka wa kwenye video wananishangaza," kasema, mdomo umejaa. "Hawali. Hawaendi haja. Mimi tangu asubuhi nimekula mara mbili na bado nina njaa. Mimi ni mateka wa gharama."

Nikamwambia watu wanaotekwa hufungwa kwenye kiti.

"Kiti ningekipenda."

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo nadhani hata mimi sikuisikia, kama nijitokeze. Kamega muhogo mwingine. Halafu kasema nikijitokeza watanichapa, watanifukuza, na nani ataandika sura ya nane? Watu arobaini na moja wanasubiri.

Halafu kanionyesha dirisha la ofisi kwa kidevu. "Analisoma. Jana alikuwa sura ya pili. Leo yuko ya nne. Chai yake imepoa na nzi kaingia, hajaona."

Jumatano, 14 Septemba 1994

Wavulana wote wa Kidato cha Tatu wameandikishwa imla ili Mwalimu alinganishe miandiko. Sisi wasichana tukapelekwa kufagia ukumbi. Haikumjia akilini hata kidogo kwamba anaweza kuwa msichana. Kuna bastola, kuna magendo, kuna mtu anarushwa ziwani kwenye gunia – lazima ni mvulana.

Ningepaswa kushukuru. Nilifagia kwa hasira hadi mwenzangu akakohoa vumbi.

Na Ngosha! Mwezi mzima katabasamu. Leo kaapa kwa jina la bibi yake kwamba yeye hata barua ya kuomba ruhusa huandikiwa.

Alhamisi, 15 Septemba 1994

Leo Masele hakufanya utani. Nilikaa naye kwenye majani aliyoyafyeka, kengele ya kwenda nyumbani ikiwa imeshalia.

Baba yake ana ng'ombe Magu. Hakutaka asome. Alikubali kwa sababu mjomba wa Masele alimbembeleza misimu miwili. Siku anampandisha basi alimwambia fimbo yake ya kuchungia itabaki nyuma ya mlango, asije akaisahau. Masele anataka kuwa daktari wa mifugo. Sikujua. Miaka mitatu dawati moja na sikujua, nilikuwa nauliza tu picha iliishaje.

Nikasema: baba yako atakupiga sana?

"Hatanipiga. Atafurahi. Hapo ndipo pabaya, Feli. Nikirudi hata kwa miezi mitatu, Januari hatanipa ruhusa, na atakuwa amefurahi hivyohivyo, sitaweza kumkasirikia."

Nikaenda ofisini. Kweli nilikwenda. Nikasimama mlangoni. Mwalimu Mashimba akainua kichwa.

"Unataka chaki?"

Nikasema ndiyo.

Nina vipande viwili vya chaki hapa mezani. Kimoja cha njano.

Nimekuwa nikiwacheka hao watunzi wa picha, mke, dada, mzee wa ngumi. Kumbe hawakuwa wavivu. Mtu ukishampenda, adui hahitaji kufikiria sana. Inspekta Mihayo nilimnyima ndugu ili asishikike popote. Sasa nikimtazama naona ni mtu ambaye akichelewa kurudi hakuna anayemfunikia chakula.

Kesho saa nne.

Ijumaa, 16 Septemba 1994

Naandika haya ofisini kwa Mwalimu Mashimba, kwenye karatasi za shule. Nitazibandika humu nikifika nyumbani, kama mikono itakuwa bado inafanya kazi.

Nimekuja saa tatu na nusu. Baba Masele alikuwa ameshafika, kakaa kwenye benchi, kofia juu ya goti, vumbi la Magu hadi kwenye nyusi. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, mwanangu, kaitikia, kisha kaniuliza kama na mimi nimekosa. Nikaitikia kwa kichwa.

Nikaiambia sakafu: mwandishi ni mimi.

"Sauti."

"Mwandishi ni mimi."

Mwalimu Mashimba kacheka. Halafu kaacha. Kainuka, kafunga mlango, karudi na uso wa huruma ambao sijawahi kumwona nao.

"Binti, nani kakutuma? Ni Ngosha? Wamekutishia nini?"

Hakuna, Mwalimu.

"Usiogope. Hapa uko salama. Wanakulazimisha ujitwishe kosa lao, sivyo?"

Nilipata shida kidogo kuelewa. Kumbe anadhani mateka ni mimi.

Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Akakohoa mara tatu. Kanisukumia karatasi: haya, kama ni wewe, kaa hapo, andika sura inayofuata. Hapahapa, mbele yangu.

Robo saa nzima sikuandika kitu. Mbele yangu Bosi Kamata mwenyewe, ubavuni baba wa mateka, dirishani mateka anafyeka, anachungulia kila akifika mwisho wa mstari. Halafu ikaja.

Nimeandika kwamba Bosi Kamata amegundua kitu ambacho vijana wake hawakukiuliza Igogo. Inspekta hana ndugu, lakini ana rafiki. Kamteka. Kamfungia kwenye ghala la samaki kando ya ziwa. Taabu ikaanza. Rafiki huyo anakula. Kamaliza ugali wa walinzi. Kamaliza sato watatu, akauliza kama kuna chumvi. Walinzi wakatumwa sokoni mara mbili kabla ya saa sita. Bosi Kamata kakohoa, kasema harudii mara mbili, hakuna kula tena, hakuna kula, amesema hakuna kula. Mateka akamjibu kwa heshima kwamba amesikia, ila anauliza kama kuna ndizi. Na Inspekta Mihayo yuko nje, ameegemea ukuta, bastola ipo, risasi zipo. Haogopi risasi. Anaogopa kugonga mlango na kusema.

Nikaongeza mistari miwili tu, Mwalimu akachukua karatasi nne za mwanzo. Ya tano nimeificha chini ya mkono, ndiyo hii.

Alianza kusoma kimya. Baba Masele akajongeza benchi.

"Mwalimu, macho yangu hayajui hayo. Nisomee. Nimetoka Magu usiku kwa ajili ya maandishi, na mimi niyasikie."

Mwalimu akasema si jambo la maana. Baba Masele akasema kama si la maana, basi halitachukua muda.

Basi anasoma. Kwa sauti. Ana sauti nzuri ya kusomea, sikutegemea. Penye kikohozi aliruka mistari miwili, nimeona. Penye chumvi Baba Masele kageuza sikio. Penye ndizi kapiga goti lake kwa kofia.

"Huyo namjua! Huyo ni wangu. Mwaka wa njaa alikula mahindi ya mbegu, huyo. Akaniuliza kama kuna chumvi."

Anacheka hadi machozi yamepita kwenye vumbi. Mwalimu kauma mdomo, lakini pua imemsaliti.

Sasa yuko ukurasa wa nne, mwishoni. Inspekta amegonga mlango. "Bosi, nimekuja mwenyewe. Mwachie."

Karatasi imeishia hapo. Mwalimu kaigeuza. Nyuma hakuna kitu.

"Halafu?" kauliza Baba Masele. "Anamwachia?"

Nje fyekeo limenyamaza. Saa ya ukutani inasema saa tano kasoro kumi.

Mwalimu kachukua karatasi nyeupe, kanisogezea. Baba Masele kauliza tena, taratibu, na anamtazama Mwalimu, hanitazami mimi.

Karatasi nimeirudisha upande wake wa meza: jibu hilo analo yeye.