Kaburi la Kasyoka Tumelifukia

Tulia, Kitui
9 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Mutanu,

Wimuseo? Najua huko Ushelisheli hakuna tena wa damu yako wa kukusalimia hivyo kwa Kikamba tangu dada yako Kasyoka atutoke, kwa hivyo nasalimia mara mbili: wimuseo? Unalala? Unakula? Mimi mjomba wako ni mzima, ila goti la kushoto limestaafu kabla yangu. Mama yako anakunywa uji. Mvua ya Desemba ilitupa mgongo, na mbaazi zimekauka zikiwa na maua.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imeshatutenda. Anayekuletea barua hii ni mwalimu mwenzako Mwau, anayerudi kazini huko wiki hii.

Ulipopiga mwezi uliopita ulisema, "Mjomba, Kasyoka nitamleta nyumbani tarehe ishirini na tano." Nitamleta! Miaka ishirini na sita nimefundisha watoto wa Kanyangi kwamba hiyo m ni ya mtu. Hukusema nitayaleta. Nami nikatangazia ukoo kwamba mwili unakuja. Kamati ikakodi hema, vijana wakachimba kaburi kando ya la baba yako, siku mbili nzima kwenye mwamba ule unaoujua. Ulipopiga tena na kusema ni majivu, kwamba alichomwa kwa desturi ya dini ya mumewe na kwamba alitaka hivyo mwenyewe, kwa maandishi, nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikasahau kukata simu.

Lawama si ya simu peke yake. Ni miaka tisa tangu Kasyoka aniambie amefuata Uhindu wa mumewe Selvan. Kila mama yako akiuliza anasali wapi, nilimjibu, "Kuna kanisa dogo, watu ni wachache, lakini wanashika dini sana." Si yote yaliyokuwa uongo. Kasyoka aliniambia Wahindu hapo kisiwani ni wachache, wenyeji wengi wanaenda misa, na ukikosa hekaluni wiki moja unaulizwa. Alipoanza kuugua, waliomletea chakula kwa sufuria ni hao hao wachache. Hata hilo jema sikulisema. Mwalimu mzima, mwoga kama kuku mgeni!

Basi ikanibidi nimwambie mama yako ukweli, kaburi likiwa wazi na hema limeshasimama. Hakulia. Aliniuliza, "Muthama, walipomchoma alikuwa amekufa kweli?" Nikasema ndiyo. "Na kilichobaki ni kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mikono, kama kopo la majani chai. Akaitazama hiyo mikono yangu mpaka nikaishusha.

"Mimi nilizaa mtoto mwenye mifupa," akasema. "Usiniletee kopo."

Mhubiri akasema yeye haombei majivu. Mzee Nthiwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akaja kuchungulia shimo. "Mwalimu," akaniambia, "Kiswahili chako kimetuvunjia sururu mbili." Watu wakacheka kidogo, hata mimi. Halafu akasema kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, litaita mwingine. Hakumtaja mtu, lakini wote tulimtazama dada yangu.

Vijana wakakata mgomba, wakauzungushia leso ambayo Kasyoka aliiacha sandukuni, wakaushusha kaburini badala ya mwili. Mhubiri alipoona hivyo akaenda zake. Nikasoma Biblia mwenyewe, bila miwani, na katikati Mutindi wa duka akaninong'oneza kuwa nasoma maneno ya harusi. Nikaendelea tu. Mama yako ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo wa barua. Ulisema safari umeisimamisha na Selvan anangoja jibu la mama, kwamba kwao majivu hayafai kukaa nyumbani, yanatakiwa yaende majini, ila ameyaweka kwa heshima ya mama. Nimemwuliza mama yako mara tatu. Mbili za kwanza aliingia jikoni kuchochea moto. Ya tatu alisema, "Nimeshazika."

Usiyalete, Mutanu. Mwambie Selvan ayamwage baharini kama wanavyofanya wao, na wewe usimame karibu naye, maana wa kwetu ni wewe pekee. Asidhani tunamchukia. Mwambie tu nafasi iliyokuwepo imejaa.

Lakini wewe njoo shule zikifungwa. Mama yako atakuuliza kwa nini hukumzuia dada yako, na mimi sina jibu la kukuazima. Njoo uulizwe. Akikosa wa kumuuliza ataniuliza mimi, nami unajua ninavyojibu.

Mutindi anakusalimu. Mzee Nthiwa pia, na Mbuvi, anayedai ulikwenda na kitabu chake cha hesabu ukiwa darasa la saba.

Jana jioni nilipokuwa nikiandika haya, mama yako alisimama mlangoni akauliza kama maji ya bahari ya huko ni baridi. Mimi sijawahi kupita Mtito Andei, bahari yenyewe sijaiona. Nilimwambia ni ya uvuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto. Akarudi ndani. Ukija, hata kama si kweli, usinisahihishe mbele yake.

Mungu wa mama yako, ambaye huenda Kasyoka alimwita kwa jina jingine, akushike mkono huko uliko.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, mwenye goti moja,

Muthama