Koti la Nyuki wa Milimani

Ijumaa. Asubuhi jua, mchana mvua, na sasa hivi chafya.

Leo nimekuwa nyuki.

Si nyuki wa asali. Ni yule mnene mwenye manyoya, adimu, wa milima ya mbali yenye theluji. Mwalimu Akoth naye alikuwa kipepeo wa nchi za baridi. Kila mmoja alitakiwa aonyeshe Gredi ya Nne jinsi mdudu wake anavyoishinda baridi, kisha watoto wapige kura kwa kusimama nyuma ya wanayempenda. Mshindi awe mlezi wa chama cha mazingira. Nimekitamani chama hicho tangu nihamie kufundisha shule hii, na mama yangu alitoka Usenge kuja kuniona nikikitwaa.

Akoth alijifunga leso mbili, akapata mabawa. Mimi nilinunua koti la manyoya pale soko la Kibuye. Muuzaji alinishukuru sana, maana nani avae manyoya Kisumu?

Akoth akaeleza kwamba kipepeo wake hukunjua mabawa, akaota jua mpaka apate joto, ndipo aruke. Jua lilikuwa tele. Akaruka uwanja mzima, watoto wakimshangilia.

Mimi nikaeleza kwamba nyuki wangu hajui kungoja jua, hutetemesha misuli akajipasha moto mwenyewe. Nikatetemeka. Ndani ya manyoya, saa saba mchana! Mama akauliza kwa sauti, "Kwani huyu mtoto wangu ako na malaria?"

Nilimchukia Akoth kwa dhati.

Kisha mawingu yakashuka kutoka milima ya Nandi, mvua ikamwagika. Watoto wakakimbilia veranda. Sisi wawili hatukuondoka, kura ilikuwa bado. Akoth akasimama pale leso zimemgandama, meno yanagongana. Kipepeo bila jua haruki. Mimi nilikuwa na joto langu, nashinda. Nikamwonea huruma, na huruma yenyewe ikaniudhi.

Nikafungua koti. "Ingia basi."

Akaingia. Veranda nzima ikapiga kelele: "Mwalimu, mdudu ako na miguu sita! Hiyo ni nne tu!"

Mama alikuwa bado anakimbilia veranda, kiti cha wageni kichwani. Akakitupa. "Nyathina, mwanangu, songa huko, nanyeshewa!" Akajisukuma ndani.

Shangwe iliyopigwa! Watoto wakarudi kwenye mvua, wakajipanga wote nyuma yetu.

Kwa hivyo chama kimepata mdudu mmoja na walezi watatu. Kesho nitaanika koti. Mama amesema harudi Usenge Jumatatu, ana kikao.