Dawa Niliyokuombea Usa River

Neema mdogo wangu,

Poleni na joto la Morogoro. Huku baridi ya Meru imenivalisha sweta mbili. Jana nilikwenda Usa River kwa Mama Hansa, mzaliwa wa hapa hapa Arusha, anayetibu kwa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Wahindi. Akanikaribisha loshoro, mahindi ya kuchemsha yanayochanganywa na maziwa mgando. Kwa haraka zangu nikamimina maziwa mahindi yakiwa bado yanafuka moshi. Yakakatika: maji mbali, mabonge mbali.

"Pole, dada. Hapa tunasubiri yapoe," akasema, akapakua mengine.

Tukisubiri, nikamweleza habari zako: humtamani mwanamume mpaka moyo umzoee, na yule mwalimu tuliyekuletea ulimkataa wiki ya pili tu. Nikamwomba dawa ya kukuchangamsha.

"Hali hiyo vijana wanaiita demiseksho," akasema. "Sisi wa Ayurveda tungesema ana asili ya udongo na maji. Moto anao, ila unawaka akishamwamini mtu. Huo si ugonjwa."

Kisha akanifungia unga wa mbegu za giligilani. Nikamuuliza wewe uutumie vipi.

"Huu ni wako, unapoza moto," akanijibu. "Mwenye moto uliozidi ni wewe."

Nisamehe kwa kukuita barafu mbele ya shangazi. Nikirudi nitamwambia mimi mwenyewe aache kukusumbua na habari za wachumba. Wewe nenda kwa mwendo wa moyo wako, mpenzi. Mimi nakunywa dawa yangu, asubuhi na jioni.

Dada yako,
Rehema