Wanaleta Isale Kwangu Kwa Sababu Nina Kiasi

Jumapili, Julai. Njoro, Moshi.

Baridi ya leo ni ile ya kuvaa sweta ndani ya nyumba. Wingu limefunika mlima tangu asubuhi, nami sijatoka. Kuna jani la isale mezani kwangu na sijui nilifanyeje.

Nieleze, maana wasomaji wengine hamtoki huku. Kwetu Uchagani, aliyekukosea akikuletea isale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani, amekuja kuomba msamaha, na hulikatai. Hata kama damu ilimwagika, hulikatai. Jana mdogo wangu Ndesario aliniletea la kwake. Alishuka kutoka Machame na baba mdogo, wote wamevaa makoti ya kanisani.

Kosa lake ni hili. Ndesario ni kitinda mimba, kwa hiyo kwa mila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ya wazazi, ni chake, wala sina ugomvi na hilo. Lakini marehemu baba alinikatia kipande chini ya mfereji, mbele ya wote, ili nijenge nikichoka na vyumba vya kupanga. Ndesario ameng'oa kahawa yote pale. Anasema kahawa haina bei siku hizi, na hapo hajadanganya. Kisha akajenga nyumba yake.

Nyumba haijengwi kwa siku moja. Wakati wa Pasaka niliyaona matofali, nikasema tusiharakishe, labda ni banda la ng'ombe. Nikauona msingi, nikasema nitaongea naye taratibu, akiwa ametulia. Ametulia muda wote huo, sasa anapiga lipu.

Ndivyo nilivyo. Sina hasira za haraka, na kwenye harusi nakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo tu, kata naipitisha kwa jirani. Tangu utoto nasifiwa: huyu binti ana kiasi.

Nilidhani ni sifa.

Jana, baada ya shikamoo na chai, baba mdogo akasema, "Mwanangu, tunajua kwako hatutafukuzwa, una kiasi wewe. Ingekuwa shamba la Aikaeli, huyu asingethubutu hata kushika jembe."

Aikaeli ni dada yetu mkubwa. Akianza kugomba, hata kuku wanahama uani. Yeye naye alipewa kipande siku ileile, na kahawa yake hadi leo hakuna aliyegusa tawi.

Ndesario alicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu wangu, nikamwongezea chai.

Nimekasirika. Naliandika hapa kwa sababu sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu. Nikilikataa isale nitakuwa nimeivunja mila, na mama, mwenye presha, atalia. Nikilipokea, ukoo utasema yamekwisha, na nyumba itabaki palepale. Jana niliwaambia waliweke mezani, nitafikiri. Hata hapo nilikaa katikati.

Kwa hiyo kiasi ni wema? Kwenye chumvi na mbege, sawa. Kwenye haki yangu naona kimekuwa woga uliovaa vizuri. Na bado sitaki kuwa Aikaeli, ambaye hata wanawe wanamwamkia kwa mbali. Nimebanwa pande zote, na aliyejenga kuta hizi ni mimi mwenyewe, kwa upole, huku nikisifiwa.

Jumamosi napanda Machame na jani hili. Isale nitalipokea kwa mikono miwili mbele ya mama na baba mdogo, maana kumsamehe nataka kweli. Halafu papo hapo nitamwambia: Ndesario, nimekusamehe. Shamba ni langu. Hama.

Nimejaribu kuyasema kwa sauti hapa chumbani. Yametoka hivi: "Mdogo wangu, samahani, kama utapata nafasi..."

Nimeanza upya.