Mguu Ulioruka Mto

Alhamisi, jioni

Eti mwili nao unaomboleza. Yule msichana wa mradi wa mazingira, aliyetoka Nairobi, ametulaza chini kwenye ukumbi wa kanisa, sisi akina mama wa kuchuna chai, akatuambia tufunge macho tusikilize vile miili yetu inalilia mto uliokauka.

"Akina mama, sikilizeni migongo yenu," akasema.

Jirani yangu Mama Chebet akamjibu akiwa amelala vilevile: "Wangu nausikia tangu asubuhi nikichuna majani."

Tulicheka. Msichana akaandika kitu kwenye daftari lake. Halafu tukasimama tuyumbe kama miti, mikono juu. Mimi na miaka yangu hamsini na nane, nayumba, na ng'ombe nyumbani hajakamuliwa. Kufundishwa kupumua na mtoto ambaye hajawahi kubeba mtungi wa maji hata siku moja...

Nilitoka kabla ya maombi ya kufunga kikao. Nikashuka njia ya mkato nikimsema kimoyomoyo. Kule bondeni mguu wangu ukanyooka wenyewe, ukaruka.

Nikasimama. Nilikuwa nimeruka mto. Hakuna mto pale, ni vumbi na majani makavu, miaka mingi sasa. Nafikiri nimekuwa nikiruka hivyo kila siku.

Huyo msichana simwambii. Ataandika kwenye daftari, kisha aulize ni nani aliyepanda pale mikaratusi ya kuuzia kiwanda cha chai kuni, ikanywa maji yote.

Niliipanda mimi, kwa mikono hii aliyotaka niinue juu.