Kabichi ya Muzee Nasoro

We rafiki yangu Sikujua, nimechoka lakini sikia hii. Bibi kanieleza sasa hivi kwa nini ukoo wetu mzima unaanika ndagala, hawa dagaa wa ziwani.

Babu yake, muzee Nasoro, alikuwa mpishi wa Mdachi mmoja hapa Rumonge, enzi za utawala wa Wajerumani. Mdachi akataka kabichi mbichi. Mbichi, Sikujua. Ikatwe nyembamba, itiwe chumvi, ndimu na mafuta, iwekwe pabaridi.

Muzee alikata tangu alfajiri, ndimu inamchoma vidole. Na mafuta kwake ni mawese, mengine yapi? Akatia mawese, akaliweka bakuli kwenye karai la maji ya baridi.

Mchana mawese yameganda. Mdachi anainua uma, kabichi yote inainuka nao kama kipande cha sabuni.

"Nasoro, hii ni nini?"

"Bwana, ingepikwa isingeganda."

Akaambiwa aipashe. Mdachi akala yote, yote, akapangusa sahani kwa mkate.

Kisha akasema, "Tamu sana. Kesho nataka ile mbichi."

Muzee aliweka kisu mezani, akateremka ufukweni kwa waanika ndagala.

Na bado tuko huko huko. Mgongo unanikatika, Sikujua, kwa sababu ya kabichi.