Blanketi Jekundu la Bibi

Ifan, Lowri,

Supu iko jikoni, ipasheni moto. Kondoo wa zizini wapeni nyasi kavu.

Upepo umeangusha nguzo, simu ya nyumbani na intaneti zimekufa. Za mkononi mnajua hazishiki bondeni humu. Asubuhi Babu kateleza, kavunjika mguu. Mimi nahangaika na simu, nalia. Bibi yenu yeye akatandaza ukutani nje lile blanketi jekundu, kama majirani walivyoitana zamani. Jirani yetu Gwilym akaliona kutoka ng'ambo ya bonde, akafika na gari kabla sijavaa viatu. Sasa tunampeleka Babu hospitali. Bibi yenu ni kiboko!

~~Nitawapigia jioni.~~ Simu ipi tena? Gwilym akirudi kutoka hospitali atatandaza shuka jeupe kwake, maana yake Babu hajambo.

Bibi hatabanduka dirishani. Ifan, wewe uliyetaka blanketi litupwe, mpelekee chai.

Mama